SOMO LA BIOLOJIA: UTANDO WA SELI, NA MAJI YA CHUMVI NA SUKARI



Zamu ya ukurasa wa biolojia imetufikia sisi wa mwaka wa mwisho. Tulipewa ruhusa ya kuchagua somo, tukachagua utando wa seli, ile ngozi nyembamba sana inayozunguka kila seli ya mwili. Katika kaye zetu tunaiandika membrani. Hapa tutasema utando. Wengine kati yetu walitaka tuandike juu ya moyo ao juu ya ubongo, vitu vinavyoonekana vikubwa. Lakini mvua imekwisha kuanza, mitaro imejaa, na watu wa maziwa yetu, wa Uvira, wa Kalemie, wa Bukavu na wa Goma, wanajua ugonjwa gani hupenda majira haya. Tena tumesikia katika nyumba ya kulala maneno yale yale: "Mwenye kuhara musimupe mayi, itamuzidishia." Sisi tunaolala chumba kimoja na wadogo wa kilasi za chini hatuwezi kuyaacha maneno hayo yapite bila jibu. Na jibu liko kwenye utando.

Tuanze jikoni. Chukueni majani ya lengalenga nyekundu, yaosheni katika maji baridi. Maji yanabaki karibu meupe. Sasa yatieni majani yale yale katika maji ya moto. Dakika chache tu, maji yamekuwa mekundu. Ile rangi ilitoka wapi? Ilikuwa ndani ya seli tangu mwanzo, imefungiwa katika kifuko chenye utando wake. Maji baridi hayakuvunja kitu, rangi ikakaa mahali pake. Moto umeharibu utando, na rangi imemwagika. Basi kazi ya kwanza ya utando ndiyo hii: kutenganisha cha ndani na cha nje. Seli ikipoteza utando wake, hakuna seli tena, kuko supu tu.

Sombe inatufundisha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Jani la muhogo liko na kitu kinachoitwa linamarini, kimewekwa ndani ya kifuko cha seli. Nje, kwenye ukuta wa seli, kuko kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Wakati jani liko zima, hivi viwili havikutani. Mama anapotwanga sombe katika kinu, tando zinapasuka, viwili vinakutana, na sumu ya sianidi inatoka. Halafu sufuria inawekwa motoni bila haraka na sumu hiyo inapanda hewani kama gazi. Kwa hiyo kutwanga sana na kupika muda mrefu siyo kwa ladha peke yake. Mwenye njaa anayetaka sombe itoke motoni mbio hajui anachoomba.

Sasa, utando wenyewe umetengenezwa na nini? Unene wake ni nanometa 7 ao 8 hivi. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mkipanga tando elfu moja, moja juu ya nyingine, mtapata mikrometa 7 ao 8, ndio upana wa seli moja tu nyekundu ya damu. Kwa hiyo msiseme mumeuona kwenye mikroskopi ya shule. Ule mstari mzuri tunaouchora tukitazama ganda la kitunguu ni ukuta wa seluloza, ambao mimea iko nao na sisi watu hatuna. Utando umejibanza ndani ya ukuta huo. Ulionekana kwa macho tu katika miaka ya 1950, kwa mikroskopi ya elektroni.

Lakini watu waliujua kabla ya kuuona, na hapa ndipo tunapopenda sana historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Overton aliona kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta vinaingia ndani ya seli kwa urahisi kuliko vile visivyoyeyuka. Akafikiri kwamba lile ganda la seli lina asili ya mafuta. Kisha mwaka 1925, huko Leiden katika Uholanzi, Gorter na Grendel walichukua damu ya watu na ya wanyama, wakatoa mafuta yote ya seli nyekundu, wakayatandaza juu ya maji. Ninyi mnajua tone la mawese likianguka katika beseni ya maji linavyotanda. Wao walipima eneo la ule mtando, wakalilinganisha na eneo la ngozi za seli zote walizotumia. Likatoka karibu mara mbili. Wakasema: basi mafuta yamepangwa katika safu mbili. Baadaye ilionekana kwamba walikosea mara mbili katika vipimo: mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la seli walilihesabu dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yakafutana, na jibu likabaki la kweli. Mwalimu wa hesabu asitumie mfano huu kutuadhibu.

Zile molekuli za mafuta zinaitwa fosfolipidi. Kila moja iko na kichwa kinachopenda maji, na mikia miwili inayokimbia maji. Zikitiwa katika maji hazihitaji fundi. Zinajipanga zenyewe: vichwa vinatazama maji ya nje na maji ya ndani, mikia inafichana katikati. Sabuni ni ndugu yake, lakini sabuni iko na mkia mmoja, na kwa umbo lake inajikusanya vidonge vidogo vidogo badala ya kutanda. Ikiingia kati ya fosfolipidi inazitenganisha, utando unapasuka. Virusi vya Ebola, vilivyotokea Yambuku mwaka 1976 na vilivyosumbua Kivu ya Kaskazini tangu 2018 mpaka 2020, vimevaa utando vilioutwaa kwa seli ya mgonjwa vikitoka. Ndiyo maana kwenye milango yote waliweka maji na sabuni. Sabuni ilikuwa ikivua virusi nguo yao, na bila nguo hiyo haviwezi kuingia mahali.

Kati ya fosfolipidi kuko kolesteroli, inayozuia utando usilainike mno wala kukakamaa mno. Kuko protini nyingi sana. Na juu ya uso wa nje kuko vijiti vidogo vya sukari ambavyo seli zinajulishana kwavyo. Kundi la damu lako, A, B ao O, ni habari ya vijiti hivyo kwenye seli nyekundu.

Kuna mchoro mmoja ambao unatukwaza. Unachora utando kama ukuta wa matofali, kila kitu kimekaa mahali pake kwa sementi. Sivyo. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya mtu na seli ya panya ikawa seli moja, protini za huyu wamezitia alama ya rangi moja, za yule rangi nyingine. Mwanzoni kila rangi ilikaa upande wake. Katika joto la mwili, baada ya dakika 40 tu, rangi zote mbili zilikuwa zimechanganyika uso mzima. Protini zinaelea. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakatoa mfano unaofundishwa mpaka leo, wa utando unaotiririka kama mafuta na kubeba protini ndani yake kama mitumbwi juu ya ziwa.

Protini hizo ndizo milango. Gazi kama oksijeni na dioksidi ya kaboni hupenya katikati ya mafuta bila kuomba ruhusa. Lakini chumvi na sukari haziwezi, sababu mikia ya mafuta inazikataa. Zinahitaji mlango, na milango haifanani. Mingine ni tundu tu linalofunguka na kufungwa. Maji yenyewe yako na tundu lake la pekee, ambalo Peter Agre alilitambua mwaka 1992 na kwa hilo akapata zawadi ya Nobel mwaka 2003; tundu moja linaweza kupitisha molekuli za maji kama miliari tatu kwa sekunde moja, na haliachi chumvi ipite. Mingine ni pompi. Pompi kubwa ni ile ya sodiumu na potasiumu, aliyoigundua Skou mwaka 1957: inasukuma sodiumu 3 nje, inaingiza potasiumu 2 ndani, na kila mara inalipa ATP moja. Inafanya kazi mchana na usiku hata tukilala wakati wa masomo ya jioni. Kwa sababu yake sodiumu ni chache ndani ya seli na ni nyingi nje, na siku zote inatafuta njia ya kurudi ndani. Shikeni neno hili, tutalihitaji.

Jambo la mwisho kabla ya kufika kwenye ugonjwa: maji yanafuata chumvi. Tuliita osmosi katika kilasi, na wengi wamelikariri bila kulielewa. Chukueni kiazi, kile cha birai, kikateni vipande viwili vinavyofanana. Kimoja mkitie katika glasi ya maji matupu, kingine katika glasi ya maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Asubuhi kile cha kwanza ni kigumu, kimevimba; cha pili kimelegea, unaweza kukipinda kama ulimi. Chumvi haikuweza kuingia upesi kupita utando, lakini maji yaliweza kutoka, yakaenda upande wenye chumvi nyingi. Makayabu haiozi kwa sababu hiyo hiyo: mikrobi ikitua juu yake, chumvi inanyonya maji yake. Na muganga anapomtia mgonjwa serumu katika mshipa, hatii maji matupu. Iko na chumvi gramu 9 kwa lita moja. Maji matupu yangeingia ndani ya seli nyekundu mpaka zikapasuka.

Basi tufike kwenye kolera.

Kila siku matumbo ya mtu yanapokea lita 8 ao 9 za maji: lita mbili hivi anazokunywa na kula, na zile nyingine ni mate, nyongo na maji ambayo mwili wenyewe unamwaga ndani ili kuyeyusha chakula. Karibu yote yanarudi katika damu kwa kupitia tando za seli za utumbo. Mikrobi ya kolera haivunji seli hizo, wala haiingii ndani yake. Inakaa nje na kutoa sumu, jambo ambalo S. N. De alilionyesha huko Calcutta mwaka 1959. Sumu ile iko na sehemu mbili. Ya kwanza inashika kimoja cha vile vijiti vya sukari juu ya utando, kama mtu anayeshika kitasa. Ya pili inaingizwa ndani, na huko inakwamisha swichi moja ya seli isiweze kuzimika tena. Swichi hiyo ikikaa hivyo, mlango wa kloridi unafunguka na haufungwi. Kloridi inatoka kwenda ndani ya utumbo, sodiumu inaifuata, na maji, kama tulivyosema, yanafuata chumvi. Mgonjwa anaweza kupoteza mpaka lita nzima kwa saa moja. Macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, vidole vinakunjamana kama vya mfuaji nguo, mkojo unakauka. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wenye kolera kali wasiopata matunzo, nusu yao ao zaidi wanakufa. Wakitunzwa vizuri, hafi hata mmoja kwa mia.

Sasa mumeona ule msemo wa chumba cha kulala unakosea wapi. Maji yanayotoka hayatoki kwa sababu mgonjwa amekunywa. Yanatoka katika damu yake. Ukimnyima maji, mlango wa kloridi haujui kwamba umemnyima. Unaendelea kumwaga, na damu inazidi kukauka.

Lakini kumpa maji matupu peke yake nako hakutoshi. Hayana cha kuyavuta kurudi katika damu, na chumvi iliyopotea hairudi. Mukimpa maji ya chumvi bila sukari, chumvi inapita kidogo sana, kwa sababu ile njia ya kawaida ya kuingiza chumvi imezuiwa na sumu. Waganga wa zamani walijaribu, wakakata tamaa, wakabaki na serumu ya mshipa tu.

Kumbe kuko mlango mwingine, na sumu ya kolera haiugusi. Robert Crane aliueleza huko Prague, mwezi wa Agosti 1960. Ni protini inayopokea sodiumu mbili na glukozi moja, zote kwa pamoja. Glukozi peke yake, hapana. Sodiumu peke yake, hapana. Zikija pamoja, mlango unageuka na kuziingiza ndani. Nguvu ya kuuzungusha inatoka kwa ile sodiumu tuliyowaambia mshike neno lake, inayotamani kurudi ndani kwa sababu pompi inaitoa kila wakati. Sodiumu na glukozi zikiisha kuingia, zinapita upande wa pili mpaka katika damu, na maji nyuma yao. Ndiyo sababu ya chumvi NA sukari. Sukari hapa haikuwekwa ili mtoto apende kunywa, wala kumpa nguvu. Ni ufunguo wa chumvi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon katika India na kolera ikaingia. Serumu ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukozi katika maji, akawaachia ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa kikombe. Katika kambi, vifo vilikuwa kama 30 kwa mia. Kwa waliotunzwa hivyo vilishuka chini ya 4 kwa mia. Mwaka 1978 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, liliandika kwamba kugundua mlango huo wa sodiumu na glukozi huenda ndiko kugundua kukubwa kuliko kote katika uganga wa karne ile. Tunakubali, hata kama hatukuulizwa.

Kwetu tunakumbuka Goma, mwezi wa Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu katika siku chache, juu ya mawe ya volkano ambapo choo hakichimbiki, wakanywa maji ya ziwa. Maelfu na maelfu walikufa. Wazazi wa wengi wetu waliyaona kwa macho yao.

Pakiti ya SRO inayogawiwa katika dispensari imepangwa na Shirika la Afya la Dunia tangu 2002 hivi: chumvi gramu 2.6, glukozi gramu 13.5, kloridi ya potasiumu gramu 1.5, na sitrati ya sodiumu gramu 2.9, kwa lita moja ya maji. Msigawe pakiti nusu, msiitie katika glasi moja. Ni lita moja.

Kama pakiti haipo na dispensari iko mbali, mtatengeneza hivi: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, ao yaliyotiwa dawa, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe vya mlima. Onjeni kabla: yakiwa na chumvi kupita machozi, mwageni, mwanze tena, kwa sababu chumvi nyingi inaweza kumuumiza mtoto vibaya.

Kapita mmoja wa chumba alituuliza: mukiongeza sukari mara mbili, mgonjwa si atapona mbio zaidi? Jibu liko kwenye kiazi chetu. Maji yakiwa na sukari nyingi yanakuwa mazito kuliko damu, na maji ya damu yatapita utando kwenda kwa sukari, ndani ya utumbo. Kuhara kutazidi. Kwa sababu hiyo Fanta haifai, wala chai tamu ya sikukuu. Sukari ya duka nayo siyo glukozi tupu, lakini utando wa seli za utumbo uko na kimeng'enya kinachoikata vipande viwili, na kimoja ni glukozi. Maji ya mchele yenye chumvi kidogo yanasaidia kwa njia hiyo hiyo.

Mgonjwa apewe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni kama dakika kumi, halafu mwendelee polepole kwa kijiko. Haya maji hayaui mikrobi na hayasimamishi kuhara mara moja; msishangae mkimwona anaendelea, wala msitupe kikombe. Kazi yake ni kurudisha kinachotoka, huku mwili ukitengeneza seli mpya za utumbo, kazi ya siku chache. Tena yale ya nyumbani hayana potasiumu ya kutosha, kwa hiyo ni ya njiani tu. Mgonjwa anayeharisha maji yanayofanana na maji ya mchele apelekwe upesi kwenye kituo cha matunzo, na anyweshwe njiani. Asiyeweza kunywa tena, ao aliyepoteza fahamu, huyo anahitaji serumu ya mshipa, msimlazimishe kikombe.

Wadogo wa kilasi za chini watakaofanya jaribio la birai na la lengalenga walete vipande vyao Jumamosi kwenye chumba cha biolojia. Wa mwaka wa mwisho wachore utando kwa kumbukumbu, na safu mbili, na protini zinazoelea. Maswali yatiwe katika sanduku karibu na mlango wa maktaba. Namba ijayo, wenzetu wa kemia wataeleza jinsi ya kupima dawa ya kutia katika bidoni ya lita 20.

Mkuu wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa mwisho